Benzi la Usukani wa Kushoto

Pele alikwisha kufagia changarawe za mbele ya nyumba, akazifagia tena, na sasa alizifagia kwa kukosa pengine pa kuiweka mikono yake.

"We Pele," mama yake alimwita kutoka ndani, "hizo changarawe zimekukosea nini?"

"Kuna majani, mama."

"Majani yako barabarani? Maana macho yako yako huko tangu mchana."

Pele aliendelea kufagia. Nyumba yao ilikuwa ya kizamani, nguzo na paa bila kuta, na mtu aliyeketi mkekani aliiona barabara yote, kuanzia kwenye kona ya kilima mpaka kanisani. Jua lilikuwa limeshuka limegusa vichwa vya minazi. Bado kidogo tu, kengele ya sala ya jioni igongwe.

Mama yake, Lagimaina, alikuwa amesema neno lake Jumapili iliyopita, na hakuwa mtu wa kusema mara mbili. Huyo Fereti kama anamtaka binti yake, aje Jumamosi na mzee wa ukoo wake, aketi chini aseme, siyo kumzungusha mtoto wa watu mjini Apia ndani ya gari kuukuu. Aje kabla ya kengele. Asipokuja, au akija akaivunja sala ya kijiji, basi asije tena, na Jumanne Pele apande ndege kwenda ng'ambo, Auckland, kwa shangazi yake. Tiketi ilikwisha kutumwa. Ilikuwa imebanwa chini ya redio, na kila Pele alipopita aliitazama kama mtu anavyomtazama nyoka aliyelala.

Simu ikalia mfukoni mwa gauni lake. Alikimbilia nyuma ya tanuri la mawe, akaipokea kwa sauti ya chini.

"Uko wapi?"

"Kilimani," sauti ya Fereti ilitoka kwa mbali, ikipambana na mngurumo wa injini. "Nimekwama nyuma ya lori la mchanga."

"Lipite!"

"Nalipitaje, mpenzi? Sioni kitu. Wewe ndiye macho yangu, na leo kwenye kiti chako ameketi Mzee Pauga."

Tangu nchi ihamishe magari yake yapite upande wa kushoto wa barabara, watu waliyakimbia magari ya zamani yenye usukani kushoto. Dereva wake hukaa upande wa mtaroni, haoni mbele ya lori mpaka achungulie na gari zima. Lazima awe na mtu pembeni wa kumtazamia. Ndivyo walivyoendesha mwaka mzima, Pele na Fereti. Fereti huuliza, "Njia?" Pele huinama dirishani, akajibu, "Nyeupe," au "Subiri." Na hajawahi kumdanganya.

"Muulize basi yeye," Pele alisema.

"Nimemuuliza. Ananieleza barabara hii ilivyokuwa alipokuwa kijana."

"Ilikuwa ya vumbi!" sauti ya mzee ilidakia. "Na kulikuwa na daraja la magogo!"

"Umesikia?" Fereti alisema, na Pele alicheka bila kupenda, kicheko kilichokatika njiani. "Pele. Mshale wa joto unapanda."

Kicheko kikaisha kabisa. "Ule mpira?"

"Ule mpira."

Simu ikakatika.

Ule mpira wa maji, wa juu ya rejeta, ndio ulikuwa kitu cha mwisho. Mengine yote walikwisha kuyatengeneza. Walilikuta Benzi hilo nyuma ya nyumba ya mjane wa daktari, limezama kwenye majani, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Fereti alilizunguka polepole, akapitisha kiganja juu ya boneti kama anampapasa ng'ombe mgonjwa, akasema, "Huyu hajafa. Amechoka kupuuzwa." Pele alimtazama yeye, siyo gari. Yeye mwenyewe alikuwa ameachwa na mchumba wa kwanza, mwanamume wa ahadi nyingi aliyekwenda ng'ambo na kusahau njia ya kurudi, na neno lile lilimwingia pabaya.

Fereti alifungua injini. Pele, fundi wa kushona magauni meupe ya kanisani, alivishona upya viti kwa ngozi nyekundu aliyoitoa kwenye makochi ya hoteli yaliyotupwa, vidole vikamtoka damu. Mpira mpya wa maji uliagizwa ng'ambo, haukufika. Fereti akakata mpira wa maji wa lori, akaubana na vibano.

"Utafika kwetu na huo?" Pele alimuuliza juzi.

"Utafika, ilimradi nisipande kilima nyuma ya lori."

Walicheka sana wakati ule.

Aliporudi mbele ya nyumba alimkuta kaka yake amesimama chini ya mshelisheli, fimbo mkononi, kikoi kimefungwa vizuri, ua la njano sikioni. Lautafi alikuwa mkubwa wa vijana wa zamu ya sala. Jioni kengele ikigongwa, wao husimama kando ya barabara wahakikishe hakuna mguu unaotembea wala gurudumu linalozunguka. Mwili wake ulikuwa kama mlango wa kanisa. Alimwogopa mtu mmoja tu duniani, na huyo alikuwa dada yake, kwa kuwa ndugu wa kiume kwao huapishwa na damu yake kumstahi dada mpaka kaburini.

"Dada," alisema akitazama chini.

"Kaka. Akichelewa kidogo..."

"Dada, usiniambie habari za huyo mtu. Mambo hayo mimi na wewe hatuzungumzi."

"Sizungumzi mapenzi. Nazungumza gari."

"Gari! Unajua wenzangu uwanjani wananiitaje? Shemeji wa Benzi. Eti, 'Lautafi, tumemwona dada yako mjini, amekaa kiti cha dereva bila usukani.' Nimekosa pa kuuficha uso."

"Basi leo anakuja kuuondolea huo uso aibu. Kaka, nakuomba."

Lautafi aligeuza fimbo mkononi. "Akifika kabla ya kengele, ni mgeni. Akipita kengele imelia, hata awe askofu nitamsimamisha, na atalipa nguruwe kwa kijiji. Nitafanya kazi yangu, dada. Usiniombe zaidi ya hapo."

Mara mtungi wa gesi uliotundikwa kanisani ukagongwa. Ngo! Ngo! Ngo! Kengele ya kwanza, ya kuonya: kila mtu nyumbani kwake; ya pili ndiyo ya sala. Watoto waliokuwa wakicheza mpira walitawanyika. Moshi wa matanuri ulikuwa umelala juu ya kijiji, na harufu ya majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui ilijaa kila mahali. Pele alikuwa amekipika chakula kile tangu asubuhi kwa ajili ya wageni.

"Ingia ndani," mama alisema.

"Mama, bado kidogo..."

"Nimesema ingia. Kama anakuja, atakuja. Kama haji, kusimama kwako hakutamleta. Ulisimama vivyo hivyo kumngoja yule wa kwanza."

"Fereti si yule."

"Yule naye ulisema si kama wengine." Sauti ya mama ilipungua ukali. "Mwanangu, mimi sina ugomvi na huyu kijana. Naogopa mtu anayependa kitu chenye kung'aa. Mwaka mzima analisugua gari. Siku gari na wewe mkizama pamoja, ataokoa lipi kwanza?"

Pele aligeukia tena barabara. Swali lile alikuwa amekwisha kujiuliza mwenyewe, usiku mmoja mmoja.

Na hapo ndipo alipoliona.

Lilichomoza kwenye kona ya kilima, jeusi, vyuma vyake vikiwaka kwa jua la mwisho, zuri kuliko lilivyowahi kuwa. "Amekuja, mama! Amekuja!"

Lakini mbele ya boneti palikuwa na uzi mweupe wa mvuke.

Benzi likashuka, likapita bwawa la kuogea, likapita ukumbi wa kijiji. Nyumba zikabaki chache. Pele akaanza kunong'ona bila kujijua, njoo, njoo, njoo. Ngo! Ngo! Ngo! Kengele ya pili ikalia.

Lautafi aliingia katikati ya barabara, akanyoosha fimbo.

Benzi lilisimama mbele ya nyumba yao, hatua chache tu kutoka kwenye changarawe alizozifagia. Injini ikazimwa. Kijiji kizima kikawa kimya, hata mbwa. Katika kimya hicho mvuke uliweza kusikika ukipuliza chini ya boneti, ssssss, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Pele alijua maana yake. Gari likienda, upepo unaipoza rejeta. Likisimama ghafla na joto lile, linachemka mara moja. Fereti alijua zaidi yake. Alikuwa ameketi wima nyuma ya usukani, mikono magotini, jasho linamtiririka. Macho yao yalikutana kupitia nguzo za nyumba, na Pele aliona anavyolitazama boneti, kisha anavyomtazama yeye. Mwaka mzima wa kazi yao ulikuwa unaungua mbele yake, na mkono wake haukwenda mlangoni. Akainamisha kichwa. Pembeni yake Mzee Pauga alikwisha fumba macho.

Ndani ya nyumba mama aliimbisha wimbo. Pele aliimba maneno bila kuyasikia. Mama akasoma kitabu, sura ndefu. Pele aliapa moyoni kwamba leo ameichagua ndefu kusudi. Ssssss, nje. Kisha akasikia kitu kingine. Ndoo.

Aligeuza jicho. Lautafi alikuwa ametoka bombani na ndoo iliyojaa maji mpaka juu. Wa zamu peke yao ndio wanaoruhusiwa kutembea. Uso wake ulikuwa mzito, umekunjamana; lakini alikuwa ametazama ndani ya nyumba, akauona uso wa dada yake, na miguu ikampeleka bombani. Analeta maji. Kaka yake, mkulima wa magimbi ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, analeta maji azime moto.

Pele aliona yatakayofuata. Maji baridi juu ya injini ile, chuma kitapasuka. Na kabla ya hapo atashika kifuniko cha rejeta akifungue kwa mkono wake mpana, na maji yanayochemka yatamrukia usoni, machoni.

Fereti naye aliona. Aliinua mkono akautikisa dirishani: hapana, hapana. Lautafi alisimama. Nyusi zake zikakutana. Pele alimsoma kaka yake kama kitabu: huyu mtu hataki hata tuliguse gari lake. Lautafi akaiweka ndoo chini kwa kishindo, akatia vidole chini ya boneti, akaliinua. Wingu la mvuke likamfunika mpaka kifuani.

Mlango wa Benzi ukafunguka. Mguu wa Fereti ukagusa barabara. Hapo hapo kijana mwingine wa zamu akaubana mlango kwa fimbo, akauegemea.

"Pele," mama alisema, macho yamefumbwa, "leo utatuombea wewe."

Pele alipiga magoti. Hakungoja hata kukaa sawa.

"Ee Mungu Baba!" alianza, na sauti yake ilitoka kubwa hivi kwamba jirani ng'ambo ya barabara walisikika wakisogea mkekani. "Tunakushukuru kwa siku hii. Tunakushukuru kwa kaka yetu Lautafi, uliyempa moyo wa huruma kuliko fimbo yake! Ee Bwana, mlinde kaka yangu! Uuzuie mkono wake usikiguse kile kifuniko, kwa maana ndani mna maji yanayochemka, nayo yatamuunguza uso!"

Nje, mvuke ulipungua kidogo. Kivuli cha Lautafi kilikuwa kimeganda, mkono hewani.

"Bwana, Wewe unajua," Pele aliendelea, machozi yanamshuka, "kwamba kitu cha moto sana hakimwagiwi maji baridi. Kinapasuka. Mpe kaka yangu subira, aiache ndoo pale ilipo, akae kitako, kitu kipoe chenyewe! Na yule aliye garini, Bwana, umwambie kwamba ameonekana. Ameonekana alivyokaa. Na Mzee Pauga umpe macho mema wakati wa kurudi. Na mama..." Alimsogelea mama mkekani. "Na mama umwondolee hofu, maana hata mimi ninayo. Amina."

"Amina!" Mzee Pauga aliitikia kutoka garini kwa sauti ya mtu aliyezoea mikutano. Na kutoka nyumba za jirani, moja baada ya nyingine, watu ambao sala hiyo haikuwahusu wakaitikia, "Amina."

Pele aliinua kichwa. Lautafi alikuwa ameigeuza ndoo, ameyamwaga maji mtaroni, na ameikalia ndoo yenyewe mbele ya Benzi, mikono magotini, kama alivyoagizwa.

Kengele ya tatu ilipogongwa, kijiji kilivuta pumzi na watoto wakaanza kelele upya. Pele alitaka kukimbia, lakini mama alimshika mkono. "Wewe kaa. Wanaotaka ndio wanaokuja."

Fereti alitoka garini. Hakuenda kwenye injini. Alimwendea Lautafi kwanza, akamshika kidevu akamgeuza uso huku na huku, akimtafuta jeraha.

"Umeungua?"

"Niache bwana, mimi si mtoto," Lautafi alisema, lakini hakujitoa. Kisha, chini chini, "Yale maji yangenirukia kweli?"

"Yangekutoa ngozi, kaka."

Ndipo Fereti akachungulia ndani ya injini, akarudi na uso usiosema lolote.

Waliketi. Mzee Pauga aliegemea nguzo ya mbele, Fereti akakaa nyuma yake, kikoi chake kimelowa jasho. Mzee alisema maneno ya heshima yote yanayotakiwa, akataja koo, akaomba radhi kwa kuchelewa, akalilaumu lori, akamaliza kwa kuomba mkono wa Pele. Mama alisikiliza akiitazama barabara.

"Hilo gari litaondoka leo?" aliuliza.

"Hapana, mama," Fereti alijibu. "Mpira umepasuka."

"Na kesho ni Jumapili, hakuna fundi wa kushika spana. Kanisa zima litapita hapa litalikuta gari la mwanamume limelala mlangoni kwangu. Kwa hiyo hata siku ya kufikiri hamkuniachia."

"Tunaomba radhi, mama."

"Nataka uniambie jambo moja. Gari lako linachemka, ukakaa kimya, hukutoka. Nikasema, vizuri, anaheshimu sala. Kisha nikauona mlango unafunguka."

"Mama ulikuwa umefumba macho!" Pele alidakia.

"Mimi ni mzazi, sifumbi yote mawili." Mama hakumwondolea Fereti macho. "Asingekubana yule kijana, ungetoka?"

Pele alimgeukia Fereti. Akisema hapana, atakuwa salama na desturi. Akisema ndiyo, amekiri mbele ya mzee wake na mkubwa wa zamu kwamba angeivunja sala ya kijiji.

Fereti alitazama mkeka. "Ningetoka, mama. Ningelipa nguruwe, mkanifukuza. Gari likifa nitalia, sitaki kukudanganya. Kila kiti mle ameshona Pele. Lakini nitalia kisha nitaanza upya. Uso wa kaka yake ungeungua, ningemtazamaje Pele?"

Lautafi alikohoa, akajigusa shavu.

"Mwanangu Lautafi, una neno?" mama aliuliza.

"Mimi nimeombewa leo kijiji kizima kikisikia," Lautafi alinung'unika. "Mpaka ndoo nimekalia. Nitasema nini tena?"

Mzee Pauga alicheka mpaka akashika ubavu. Mama naye mdomo ulimchezacheza, lakini mkono wake ulikuwa umekwenda chini ya redio. Akatoa ile tiketi, akaikunja, akaitia kwenye kikapu cha nyuzi za kushonea, chini kabisa. Hakuichana, na Pele akajua hofu ya mama haijaisha. Labda haitaisha. Alikuwa ameamua tu kuishi nayo.

"Jibu si langu peke yangu," mama alisema. "Naambiwa gari hilo lina kiti cha mtu wa kutazama mbele. Basi aulizwe yeye anayekikalia."

Fereti aliinua uso. Alikuwa amechoka, amechafuka masizi mpaka kwenye nyusi, na nyuma yake Benzi lilikuwa limefunua mdomo gizani, halijulikani kama litawaka tena. Alimtazama Pele moja kwa moja, mbele ya mama, mbele ya kaka, mbele ya mzee, na sauti ikamtoka kama inavyomtoka nyuma ya malori yote.

"Njia?"

Pele aliinama kidogo, kama anavyoinama dirishani. Alimtazama mama yake. Alimtazama kaka yake juu ya mkeka. Alitazama mbali kadiri macho yalivyoweza kufika. Hakuwahi kumdanganya, na leo hakutaka kuanza.

"Nyeupe," alisema.